Mtaji wa Samaki na Shahada ya Mitambo

Jioni moja, baada ya kengele ya kanisa kuu la Ediofe kulia, ukoo wetu ulikaa chini ya mwembe kuamua jambo moja. Je, dada yangu aondoe sehemu ya mtaji wake wa samaki ili mwanawe arudi darasani, au kijana abaki gereji akiendelea kutengeneza mashine za kusaga?

Dada yangu hununua samaki wakavu Panyimur, kando ya Ziwa Albert, na kuwauza soko la Arua na ng'ambo ya mpaka, Ariwara. Msomaji mfanyabiashara anajua kwamba mtaji ukitoka mkononi, kurudi kwake si ahadi. Swali lake lilikuwa fupi: "Mashine anazijua tayari. Huko Kampala watamfundisha nini?"

Mimi ni mwalimu, nikatakiwa nijibu. Sikujibu papo hapo, maana jambo la vyeti linanigusa mwenyewe.

Mwaka 1980, watu wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan, nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama. Hesabu nilijifunza kwa Kifaransa, na sekondari nilimaliza huko huko. Vita vya Zaire viliponirudisha nyumbani mwaka 1997, nilibeba karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki. Ofisini karani mmoja aliziangalia mbele na nyuma, akanirudishia bila neno. Nilipoteza miaka miwili kabla ya kutambuliwa kuwa nimesoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata elimu hupotea hivyo hivyo.

Mpwa wangu naye amesomea Congo, miaka mitano, na cheti chake kinamwita "ingénieur civil", upande wa mitambo. Hapo ndipo matata yalipoanza. Katika ofisi ya kwanza aliambiwa kwamba yeye ni mhandisi wa majengo, kwa hiyo aombe masomo ya majengo! Kumbe katika mfumo wa Kibelgiji neno hilo "civil" halina maana ya nyumba na barabara peke yake. Ni cheo cha mhandisi wa chuo kikuu, awe wa mitambo, umeme au madini. Aliyesoma miaka mitatu huitwa "ingénieur technicien", na huyo ni wa ngazi nyingine. Huku Makerere shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo huchukua miaka minne.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mrudi yeyote ni kulinganisha vyeti. Vyeti vya sekondari kutoka nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Vya vyuo hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Beba cheti, orodha ya alama za kila mwaka, na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu 2017 wakuu wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo, usidhani kwamba karatasi zako zitavuka mpaka zenyewe. Zifuatilie.

Jambo la pili ni kuchagua njia. Shahada ya uzamili husomwa kwa namna zaidi ya moja. Kuna ya utafiti, ambapo mwanafunzi hushika swali moja na kuandika tasnifu. Kuna ya masomo ya darasani, ambapo uzito mkubwa uko kwenye mihadhara, mazoezi na mitihani, kisha mwisho huandikwa ripoti ya mradi. Makerere wamezoea kuziita Mpango A na Mpango B: A ni masomo pamoja na tasnifu, na B ni masomo pamoja na mradi. Si kila idara hufungua njia zote kila mwaka, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa hata shilingi.

Tofauti hiyo si ya jina. Anayetaka kuendelea hadi uzamivu na kuwa mhadhiri, tasnifu humfungulia mlango kwa urahisi zaidi. Anayetaka kurudi kazini akiwa na ujuzi mpana, masomo ya darasani humfaa. Aidha, masomo yana ratiba. Tasnifu mara nyingi hukwama, msimamizi akisafiri au fedha za vipimo zikiisha, na miaka miwili ikawa minne. Kwa mama anayelipa kwa faida ya samaki, miaka hiyo miwili ya ziada ndiyo itakayoua biashara.

Tukarudi kwenye swali la dada yangu: watamfundisha nini?

Nilimwita mpwa wangu aeleze mwenyewe. Alisema: "Mama, lita moja ya dizeli ina nishati sawa na uniti kumi hivi za umeme. Injini ndogo ya mashine ya kusaga ikifanya kazi vizuri, uniti tatu tu ndizo huzungusha jiwe. Zingine hutoka kama joto na moshi. Mimi najua kubadilisha pete na bomba la sindano. Sijui kupima ni wapi nishati inapotea, wala kusanifu mashine inayopoteza kidogo."

Masomo yenyewe ni hayo: mwendo wa joto, mwendo wa maji na hewa, nguvu za vyuma, mitetemo, usimamizi wa matengenezo, na hesabu za kompyuta zinazoonyesha chuma kitavunjika wapi kabla hakijatengenezwa.

Na wakati umebadilika. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa na umeme wa jenereta wa saa chache, kisha mwaka 2012 ukaja mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, wa megawati 3.5. Mwaka 2023 tukaunganishwa na gridi ya taifa. Wenye mashine za dizeli sasa wanajiuliza kama wahamie mota za umeme, na nani atawapigia hesabu bila kuwadanganya.

Mzee mmoja akakumbusha kwamba gari la umeme la Kiira EV, lililoonyeshwa Makerere mwaka 2011, liliongozwa na Profesa Tickodri-Togboa, mtoto wa West Nile hii hii. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Lakini sikutaka dada yangu auze samaki kwa ndoto. Nilimwambia wazi kwamba uzamili peke yake haumfanyi mtu mhandisi aliyesajiliwa. Bodi ya usajili hutazama shahada ya kwanza inayotambuliwa na miaka ya kazi. Usajili huo una faida yake, kwani tangu 2012 Uganda, Kenya na Tanzania zina makubaliano ya kutambua wahandisi wao waliosajiliwa. Vilevile, gharama si karo tu. Kuna chumba, chakula, basi la Kampala, na pesa ambazo kijana hatazipata gereji akiwa darasani. Hiyo ya mwisho wengi husahau kuiandika.

Tuliandika yote kwenye daftari la samaki la dada yangu. Alisoma mstari kwa mstari, kimya. Kisha akatoa uamuzi wake kama mfanyabiashara: atalipa muhula mmoja mmoja, si mwaka mzima. Kijana atafanya kazi ya gereji kila likizo. Na mradi wake wa mwisho uwe juu ya mashine za kusaga za hapa Ediofe, ili hata asipopata ajira, wenye mashine wawe wateja wake.

"Mjomba, nimekubali," kijana akasema, akinitazama mimi badala ya mama yake, kwa aibu.

Ulinganishaji wa vyeti ulipokamilika, cheti chake kikaandikwa kwa maneno ambayo hakuna karani atakayeyakosea: uhandisi mitambo. Alipanda basi la usiku akiwa na begi moja na bahasha ya karatasi zake. Safari hii hazikuwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Dada yangu aliamka alfajiri ile ile kwenda Panyimur. Mtaji ulikuwa umepungua, akanunua magunia machache kuliko kawaida.