Baiskeli ya Mlimani na Nyimbo Tatu za Jumamosi

Wasomaji wapenzi, nanyi wazee wetu mliotangulia kulala katika mabweni haya, mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za mpira, za mijadala na za kwaya. Leo naomba nafasi kidogo niwaeleze mambo mawili ambayo sisi wanafunzi kumi na wanne twayafanya kila Jumamosi. Asubuhi twapanda vilima kwa baiskeli, na jioni twasikiliza nyimbo tatu zilizochaguliwa na mmoja wetu. Wengi hutuuliza, mambo haya yana uhusiano gani? Nitajaribu kujibu, wala sitaficha kosa langu mwenyewe.

Kwanza, baiskeli yenyewe. Shule yetu iko Rwanda, juu ya Ziwa Kivu, na kila mgeni ajua kwamba njia zetu ni za kupanda na kushuka tu. Ile baiskeli nyeusi ya kawaida ni chombo kizuri cha kubebea ndizi barabarani, lakini mlimani humshinda mtu. Sababu yake ni hesabu rahisi. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma lina 20, ukizungusha kanyagio mara moja, tairi la nyuma huzunguka mara mbili na zaidi. Hiyo ni mbio nyingi na nguvu haba. Baiskeli ya mlimani yaweza kuwa na meno 22 mbele na 34 nyuma, hata tairi lisizunguke ila kama theluthi mbili ya mzunguko. Mwendo ni wa kobe, lakini mlima unapandika. Tena matairi yake ni mapana yenye meno, yapate kushika udongo, na breki zake ni kali.

Baiskeli ya namna hii haikutoka kiwandani kwanza. Ilitoka katika michezo ya vijana. Katika miaka ya 1970, huko California, Marekani, vijana walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakashuka nazo njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Zilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka moshi, na kila baada ya kushuka iliwapasa kutia grisi mpya. Kwa hiyo mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, yaani kupakia tena. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda baiskeli iliyokusudiwa kazi hiyo hasa, na mwaka 1979 Tom Ritchey akaunda fremu ambazo Gary Fisher na Charlie Kelly waliziuza. Mwaka 1996 mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Habari hii yatuhusu sisi pia. Ritchey huyo huyo alizuru Rwanda mwaka 2005. Aliona vilima vyetu, akaona na baiskeli za mbao ambazo wakulima huzitumia kuchukulia mizigo. Ndugu zetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, huziita chukudu, na wamezijengea sanamu mjini. Ritchey akabuni baiskeli ndefu ya kuchukulia kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic. Miaka sita baadaye, Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za mlimani kwenye Olimpiki ya London. Na mwaka 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Pili, nyimbo. Kila jioni ya Jumamosi mmoja wetu huleta nyimbo tatu: moja ya kwetu, moja ya majirani, na moja ya mbali. Twazipiga kwa spika ya maktaba. Mwenye zamu husimama na kueleza kwa dakika tano kwa nini amezichagua, na hakuna ruhusa ya kucheka wala kuguna kabla wimbo haujaisha. Sheria hiyo ililetwa na magomvi. Hapo mwanzo wengine walitaka hip-hop tu, wengine nyimbo za dini tu, na kila upande uliwadharau wenzao.

Sasa tumejifunza kusikiliza. Juma moja tulisikia inanga, chombo cha nyuzi cha wazee wetu, kinachopigwa polepole kwa sauti ya kunong'ona. Juma jingine tulisikia taarabu ya Unguja, tukaambiwa habari za Siti binti Saad aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, huanza kwa upole wa waimbaji, kisha hufika sebene, magitaa yakakimbia. Mwenzetu mmoja alisema kwamba hiyo ni safari yetu yenyewe: kupanda kwa subira, na kushuka kwa furaha. Hata Bach wa Ujerumani tulimwelewa siku tulipoonyeshwa jinsi sauti moja inavyotangulia na nyingine kuifuata kwa njia ile ile, kama baiskeli katika kijia chembamba.

Sasa nieleze uhusiano wenyewe. Mtu anayezungusha kanyagio mara 60 kwa dakika husukuma kwa miguu yake miwili mara 120. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika basi hulingana naye sawasawa, mguu kwa pigo, na uchovu hausikiki upesi. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Leonard Ayres, aliandika juu ya mashindano ya baiskeli ya siku sita huko New York. Aliona kwamba bendi ilipopiga, waendeshaji walikwenda karibu maili 20 kwa saa. Iliponyamaza, hawakufika 18.

Niliposoma hayo nilijiona mwerevu kuliko wenzangu. Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilitia visikilizio masikioni, nikapanda kilima kwa rumba, na kweli nilifika wa kwanza. Nikashuka navyo. Mama mmoja alitokea kijia cha pembeni, na kikapu cha viazi kichwani. Wenzangu walipiga kelele. Yeye mwenyewe aliita. Mimi nilikuwa ndani ya sebene. Nilimgonga, naye akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia, wakati wa kupanda maharage.

Sista wa zahanati alimfunga mkono. Mkuu wa shule alizifungia baiskeli ghalani mpaka Krismasi, nasi tukaenda kulima shamba la yule mama Jumamosi sita. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno, na hilo lilinichoma zaidi. Jumamosi ya mwisho mama aliniuliza, "Mwanangu, ni wimbo gani huo uliokuzuia kunisikia?" Niliona haya. Tukaleta spika, akausikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni mzuri. Lakini wimbo mzuri husikilizwa na watu wote." Kisha akatuimbia wimbo wa kulimia wa ujana wake, na juma lile huo ndio uliokuwa wimbo wetu wa kwetu.

Tangu hapo sheria yetu ni moja: njiani masikio ni ya njia, na nyimbo ni za jioni. Asiyetaka kuishika haendi nasi. Nami nimeona kwamba hesabu ya mapigo haikupotea, maana wimbo uliousikia vema Jumamosi moja waweza kuuimba moyoni mlimani Jumamosi ifuatayo, na bado ukasikia mtu akikuita.

Nanyi wazee wetu, mkituonea huruma, tuleteeni vipande vya breki, maana vilima hivi huvila upesi. Mkikosa vipande, tuandikieni jina la wimbo mmoja mlioupenda mlipokuwa hapa, na sababu yake. Tutaupiga jioni ya Jumamosi.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita