Kuku anakonda polepole: ni ugonjwa, njaa ao risasi?



Hapa Nyamianda na kandokando ya ziwa, kuku na bata hawafungiwi. Asubuhi mlango unafunguliwa, kila mmoja anaenda kujitafutia. Akianza kulegea, wengi wanasema: "Ni Newcastle." Pengine ndiyo. Lakini Newcastle inapita haraka, inaua wengi kwa siku chache. Kama wanakufa mmoja mmoja, kwa majuma, tufikirie mambo mawili: njaa na metali nzito, zaidi ya yote risasi. Hatusemi ya bunduki tu, bali ile metali laini ya ndani ya batri za gari na ya uzito wa nyavu.

Namna sumu inaingia

Kuku hana meno. Anameza vijiwe ili firigisi isage chakula. Kwake, kipande cha risasi ni kijiwe kama kingine. Firigisi inakisaga, asidi ya tumbo inakiyeyusha, sumu inaingia mu damu na kukaa katika ini, figo na mifupa. Udongo wenye sumu nao unamezwa pamoja na punje. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994. Miaka mingi baadaye, watafiti walikuta risasi nyingi katika maini ya kuku wa kienyeji.

Njaa inaongeza sumu

Kuku mwenye njaa anaokota kila kitu hata jalalani. Akikosa kalsiyumu, utumbo wake unapokea risasi zaidi. Na kuku anayetaga anachota kalsiyumu ya ganda mu mifupa yake. Risasi iliyolala humo inatoka nayo, nyingine inafika mu kiini cha yai. Yai hilo analila mtoto.

Katika Ziwa Nakuru, Kenya, heroe walikufa kwa maelfu 1993 na 1995. Metali nzito zilikutwa mu miili yao, lakini sumu za mwani, magonjwa na upungufu wa chakula vilitajwa pia. Mara nyingi sababu haiji peke yake.

Namna ya kutofautisha

Papasa kifua. Mfupa ukiwa mkali kama kisu, amekonda. Mpe chakula kizuri majuma mawili. Akinenepa, pengine ilikuwa njaa. Kama hanenepi, mabawa yananing'inia, miguu haina nguvu, ao kifuko cha shingo kinabaki kimejaa, shuku risasi na uite veterinere.

Tufanye nini?

- Tusipasue batri wala kuyeyusha risasi mu parsele.
- Mahali pa kutengeneza nyavu pafagiliwe, kuku wasifike.
- Baada ya mafuriko, kama yale ya Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika, tuokote vipande vya batri mbele ya kufungulia kuku.
- Tuwape chakula asubuhi mbele hawajatoka, ndani ya chombo, si chini.
- Tuongeze kalsiyumu: maganda ya mayai ao ya konokono, yachomwe na kusagwa, ao unga wa ndagala.
- Kuku tunayeshuku asiliwe, wala mayai yake. Moto wa jikoni hauondoi risasi, na inaharibu ubongo wa mtoto.

Konzi moja ya mahindi kila asubuhi ni gharama, ndiyo. Lakini kuku aliyeshiba hazunguki sana jalalani, na hatari ya risasi mu mayai ya watoto inapungua.