Aibu Isimwache Mwali Aoze

Kuna viungo vya mwili ambavyo hata katika somo la bayolojia mwalimu huvipita mbio, kama mtu apitaye makaburini usiku. Uume ni mojawapo. Staha ni jambo jema, lakini staha hii imewagharimu vijana wengi.

Tarehe 11 Desemba 2014, katika Hospitali ya Tygerberg mjini Cape Town, madaktari walioongozwa na Profesa André van der Merwe wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walifanya kazi kwa saa 9 wakimpandikiza kijana wa miaka 21 uume wa mtu aliyefariki. Wake aliupoteza miaka mitatu awali kwa sababu ya tohara ya kimila. Machi 2015 ilitangazwa kwamba kiungo kile kilipona na kufanya kazi zake zote. Baadaye mwaka huo ikaripotiwa kuwa mwenziwe ni mjamzito.

Wengi walicheka. Ni wachache waliouliza kijana yule alifikaje huko.

Aghalabu si kisu kinachong'oa kiungo, bali bandeji. Ikikazwa mno, damu haipiti. Nyama ikikosa damu hufa, huwa nyeusi, huoza, kisha hukatika. Mwali akifikishwa kwa daktari mapema, bandeji ikalegezwa na kidonda kikatibiwa, kiungo chaweza kuokoka. Lakini mwali amefunzwa kwamba kulalamika ni kuaibisha ukoo, na wakubwa wake wanaona hospitali ni fedheha. Siku zinapita, na zinapita na nyama.

Hapa kwetu pia kuna jando la Agosti na la Desemba. Mwalimu anayewaaga wavulana kabla ya likizo hana haja ya kuitukana mila ya mtu. Awaambie tu kwamba ganzi, weusi, harufu mbaya au kushindwa kukojoa si mtihani wa ujasiri.

Awaambie pia kwamba kiungo kilichokatwa ghafla ni habari nyingine. Kikifungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ukawekwa kwenye barafu bila nyama kugusa barafu yenyewe, daktari hupata saa kadhaa za kukiunga, mshipa kwa mshipa, chini ya hadubini. Nyama iliyooza haiungiki.

Aliyeozewa hubaki na njia ya kuundiwa kiungo kipya. Mwaka 1936 Nikolai Bogoraz, mpasuaji wa Urusi ya Kisovieti, alikunja ngozi ya tumbo ikawa bomba, akatia ndani yake gegedu la ubavu. Mwaka 1984 Wachina wawili, Chang na Hwang, walieleza namna ya kutumia ngozi ya kigasha pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Njia hii ingali inatumika sana, kwa kuwa huweza kurejesha hisia na kumwezesha mtu kukojoa akiwa amesimama. Hata hivyo, huacha kovu kubwa mkononi. Njia mpya ya mkojo mara nyingi huvuja au huziba, na mgonjwa hurudi kupasuliwa tena. Na kwa tendo la ndoa hulazimu kutiwa kifaa cha kukaza.

Kiungo cha marehemu huleta nyama halisi, lakini mpokeaji humeza maisha yake yote dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Moyo nao una neno lake. Huko Guangzhou, China, katika jaribio lililoripotiwa mwaka 2006, mwili ulikipokea kiungo, lakini kiliondolewa baada ya wiki mbili kwa kuwa mgonjwa na mkewe hawakuweza kukizoea.

Madaktari wa Cape Town walipata taabu hasa kumpata mtoaji. Ni jamaa gani watakubali kumzika mtoto wao akiwa na upungufu huo? Kwa maoni yangu, waliokubali wanastahili sifa kuliko hata waliopasua. Ili maiti isizikwe ikiwa pungufu, wapasuaji waliitengenezea uume mwingine kwa ngozi ya tumbo.