Karafuu ikikosa bei, gharama nyingine hulipwa na moyo

Wafuatiliaji wa soko la karafuu wanaujua mporomoko huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ilifikia takriban dola 9,000 za Marekani katika soko la dunia. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya dola 1,000, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa wa wakati huo, kujitosheleza kwa zao hilo. Pemba, inakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, ilibeba hasara hiyo kwa miaka mingi. Hasara ya aina hii haiishii kwenye daftari la mapato.

Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliohusisha nchi 52, ulibaini kuwa waliopatwa na mshtuko wa moyo walitaja dhiki kubwa ya fedha zaidi kuliko wasio na ugonjwa huo. Hata hivyo, wasiwasi peke yake hauelezi yote. Utafiti wa PURE wa mwaka 2014, katika nchi 17, ulionyesha kuwa watu wa nchi tajiri ndio wenye vihatarishi vingi zaidi, lakini wanaokufa zaidi kwa maradhi ya moyo ni wa nchi maskini. Sababu mojawapo kubwa ni matibabu.

Tuchukue Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Wakazi wake wengi wanategemea bahari. Lakini karafuu ikikosa bei, wanunuzi wa samaki kisiwani Pemba hupungukiwa fedha, na mvuvi naye hubana matumizi. Presha kwa kawaida haiumi, hivyo dawa yake ni rahisi kukatwa kwanza. Nauli nayo ni mzigo: boti hadi Chokocho, kisha gari hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani.

Hatari hiyo si ya wachache. Uchunguzi wa mwaka 2011 ulikuta takriban theluthi moja ya Wazanzibari wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la damu.

Wafanyabiashara wanashauriwa kupima presha na kutenga fedha za dawa msimu bei ikiwa nzuri, kama wanavyotenga za kukarabati chombo. Chombo kisichopigwa kalafati hakizami siku hiyo hiyo, lakini maji yanaingia.