Je, Wajua? Chipu Inayoamua Hatima ya Kompyuta ya Zamani

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Wenye kompyuta za zamani waliojaribu kuhamia Windows 11 wakaambiwa mashine zao hazifai, na ni rahisi kudhani dawa ni kuongeza RAM. Lakini Windows 11 inaridhika na RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Inachokidai kwa ukali ni prosesa isiyo ya zamani mno, na TPM toleo la 2.0.

TPM ni chipu ya usalama. Katika baadhi ya kompyuta imebandikwa peke yake kwenye mazabodi. Katika nyingine kazi yake hufanyika ndani ya prosesa, na hapo Intel huiita PTT, AMD huiita fTPM. Chipu hii hutunga funguo za siri ambazo hata Windows yenyewe haizioni.

Kazi yake nyingine ni ya ajabu zaidi. Kompyuta ikiwashwa, kila programu inayoamka hupimwa kabla ya kukabidhiwa usukani. Kipimo hicho ni namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye programu yenyewe. Ikibadilishwa herufi moja tu, namba inakuwa nyingine kabisa. Na chipu haikubali kufutiwa kipimo cha zamani ili kiandikwe kipya. Huvichanganya viwili hivyo na kukokotoa upya, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini: haitoki tena. Kirusi kilichojipenyeza mwanzoni hakiwezi kurudi nyuma kufuta nyayo zake.

Ukali huo humgeukia anayeandaa kompyuta kwa pupa. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS, programu inayoamka kwanza kabisa, huku diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, vipimo huenda visilingane; hapo chipu itagoma kutoa ufunguo wa diski, na skrini itadai namba ya tarakimu 48. Asiyeihifadhi mahali popote huenda asizione faili zake tena. Kwa hiyo, kabla ya kugusa BIOS, nakili faili zako kwenye diski ya nje, andika namba hiyo kwenye karatasi, kisha simamisha BitLocker kwa muda.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ukiambiwa TPM haipo, usikate tamaa: mara nyingi ipo ila imezimwa, na huwashwa ndani ya BIOS. Windows 11 hudai pia UEFI, mtindo mpya wa BIOS, ambao hautaki diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR; diski hiyo hubadilishwa kwa programu ya mbr2gpt, iliyomo ndani ya Windows, bila kupoteza faili. Kisha BIOS huwekwa kwenye UEFI.

Prosesa ndiyo haina dawa. Kwa Intel, zinazokubaliwa ni karibu zote za kizazi cha 8 kwenda juu: i5-8250U inapita, i5-6300U haipiti. Kwenye mashine yenye hiyo ya pili ningeweka mfumo wa Linux Mint, usiodai TPM, badala ya kuitupa mashine nzima.

Nawe unayekwenda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta laptopu ya mtumba, mwombe muuzaji aiwashe, usome namba ya prosesa na uandike tpm.msc mbele yake kabla hujatoa pesa.