Kuanza kundi dogo la ng'ombe wa nyama (2): Majike zizini, maksai mnadani

Wiki iliyopita tulihesabu malisho na maji, tukaona kwamba idadi ya ng'ombe huamuliwa na kiangazi, si masika. Tuchukulie kuwa umeshapiga hesabu hiyo na eneo lako linabeba ng'ombe wanane. Leo tutazame uwanunue wapi.

Wenye fedha mkononi hukimbilia mnadani na kurudi na ng'ombe wote kwa lori moja. Ushauri wangu ni kuugawa mtaji: mitamba watano wanunue kwa mfugaji, zizini kwake, na maksai watatu wanunue mnadani. Mtamba unamnunua kwa ajili ya ndama atakaozaa kwa miaka mingi. Maksai atakaa kwako miezi mitatu, kisha machinjioni. Kasoro isiyo na madhara kwa huyu inaweza kukugharimu vibaya kwa yule.

Mfugaji anayejua kazi yake huwa hauzi jike bora bila sababu. Ada za shule au ukame vinaweza kumlazimisha, lakini mara nyingi jike anayefika mnadani ni yule aliyekaa misimu miwili bila kushika mimba, aliyetupa mimba, au anayekataa ndama wake. Dalali hatakuambia, na pengine hata yeye hajui. Zizini mambo hayafichiki hivyo. Nenda jioni ng'ombe wanaporudi malishoni, uombe kuonyeshwa mama wa mtamba unayemtaka. Tazama kama kiwele chake kimekaa vizuri na chuchu zote nne zinatoa maziwa. Uliza amezaa mara ngapi, na kama kuna jike katika zizi hilo aliyetupa mimba au ambaye kondo lake la nyuma liligoma kutoka. Jibu likiwa ndiyo, usilipe kabla damu haijapimwa bruselosisi, ugonjwa unaoambukiza hata binadamu.

Umri usiambiwe, fungua mdomo. Ng'ombe ana meno ya mbele manane, yote katika taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota katikati akiwa na miaka miwili hivi. Nayo ni mapana, yakionekana wazi kando ya meno madogo ya utoto. Jozi nyingine hufuata kila baada ya miezi kadhaa, na kufikia miaka minne hadi mitano kinywa kimejaa. Mtamba wa meno mawili ndiye wa kuanzia. Ukiambiwa ana mimba, mwite mtaalamu wa mifugo ampime kwa mkono. Mimba ya miezi mitatu huitambua.

Sasa angalia muda. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 na kidogo. Dume atakayezaliwa, akikuzwa kwa majani tu, atahitaji kama miaka mitatu kufikia uzito wa kuuzika. Yaani hata mtamba akipandwa wiki ile ile uliyomleta, mapato ya kwanza ya uzao wake yako karibu miaka minne mbele. Wakati huo mchungaji anataka mshahara, josho linataka dawa na ng'ombe wanataka chumvi. Hapo ndipo maksai wanapoingia.

Mnunue maksai mwishoni mwa kiangazi, bei ikiwa chini na ng'ombe wamekonda. Tafuta aliyekondeshwa na njaa, umwache aliyekondeshwa na ugonjwa. Mwenye njaa ana mifupa mipana, macho maangavu na ngozi ya ndani ya kope yenye rangi ya waridi. Mgonjwa hukohoa, huharisha, manyoya husimama, na kope kwa ndani huwa nyeupe. Mwenye njaa akipata mabua, pumba za mahindi, mashudu ya pamba na molasi kidogo, hujaza mwili haraka. Kwa siku 90 za mlo wa namna hiyo, kuongeza kilo 50 si jambo la ajabu, nawe unauza Desemba, wanunuzi wanapoitafuta nyama ya sikukuu.

Kuhusu mbegu, usianze na ya gharama. Zebu wetu wa asili ni mdogo, lakini anavumilia kiu, kupe na majani makavu. Ukubwa utauleta kwa dume. Boran, aliyetoka kusini mwa Ethiopia na kuendelezwa kwenye ranchi za Kenya, anafaa sana. Ranchi ya Kongwa, katika ardhi ile ile ambako mradi wa karanga wa wakoloni ulianguka, imemfuga kwa miaka mingi. Kwa mitamba watano huna haja ya kununua dume, kwani mmoja anatosha majike 20 au zaidi. Azima au changia na majirani, alimradi naye awe amepimwa, kisha mbadilishe kabla hajaanza kuwapanda binti zake.

Faida ya kugawa manunuzi itapotea ukiwalaza wote zizi moja. Maksai wa mnadani amekanyagana na ng'ombe wa kila upande. Anaweza kuja na homa ya mapafu au ugonjwa wa miguu na midomo kabla dalili hazijaonekana. Mpe zizi lake, maji yake na malisho yake hadi siku anayouzwa. Mitamba nao, wakifika na kibali chao cha kusafirishwa, waogeshwe dawa ya kupe na wachunguzwe kila siku kwa mwezi mmoja. Papasa tezi zilizo chini ya sikio: zikivimba na joto la mwili likapita nyuzi 40, shuku ndigana kali na mwite daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa zake huokoa zikiwahi.

Wiki ijayo: ratiba ya kuogesha na chanjo, na kwa nini ndama apewe kinga ya ndigana kali mapema.