Kabla ya kununua pambo, fungua kapu la masalio

Mwishoni mwa Septemba, baridi inapoanza kubisha hodi kaskazini mwa Marekani, nyumba hubadilika sura. Kuanzia Minnesota na Ohio hadi Maine, milango hutundikwa mashada ya majani, vizingiti hupangwa maboga, na madirisha hupewa rangi za njano, machungwa na hudhurungi. Haya ndiyo majira ya mapukutiko, na mapambo yake hukaa hadi Siku ya Shukrani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizotoka Kongo, Kenya na Tanzania na kuhamia miji hiyo, nazo zimeingia katika desturi hii, mara nyingi zikiongozwa na watoto wanaorudi kutoka shule na majani waliyoyapaka rangi.

Maduka hujaa bidhaa za msimu huo: majani ya poliesta, maboga ya povu, mashada ya plastiki. Mengi hununuliwa Oktoba na kutupwa Desemba. Mimi nasema hayahitajiki. Kila nyumba yenye mtu anayeshona, anayefuma au anayegandisha picha ina kapu la masalio, na ndani ya kapu hilo mna pambo zuri kuliko lolote la dukani.

Rangi zatoka wapi

Anayetaka kuchagua vitambaa vyake vizuri na autazame mti kwanza. Klorofili, ambayo ndiyo inayolipa jani ukijani wake, huvunjika na kutengenezwa upya majira yote ya joto. Siku zikifupika, mti huacha kuitengeneza. Iliyobaki inapokwisha, rangi za njano na machungwa zilizokuwamo tangu mwanzo huonekana. Wekundu huja kwa njia nyingine: miti mingi huutengeneza majira hayohayo kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani. Ndiyo maana mti mmoja huweza kubeba rangi tatu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana pambo la rangi moja iliyokolea huonekana geni mlangoni. Changanya njano ya binzari, nyekundu iliyoiva, kahawia, na kijani kidogo kilichofifia. Nguo kuukuu zilizopauka kwa kufuliwa zina rangi hizi tayari.

Asili ya mapambo yenyewe ni mavuno. Wakulima walifunga mabua ya mahindi na kuyasimamisha uani. Wahaudenosaunee, wenyeji wa eneo la New York ya leo, wametengeneza wanasesere wa maganda ya mahindi kwa vizazi vingi. Wahamiaji kutoka Ireland, waliozoea kuchonga mizizi ya tanipu kuwa taa, walikuta Marekani boga, kubwa zaidi na rahisi kuchongwa, wakalitumia hilo. Wote hao walipamba kwa kilichobaki baada ya kazi. Kwa hiyo anayetumia masalio leo hafanyi ubahili. Anairudia desturi ilikoanzia.

Boga la pete za mitungi

Nyumba nyingi za Marekani bado huhifadhi matunda na mboga katika mitungi ya kioo inayoitwa kwa jina la John Landis Mason, aliyepata hataza yake mwaka 1858. Mfuniko wa siku hizi una sehemu mbili: kibati bapa chenye ukingo wa mpira, kinachofaa kuhifadhia mara moja tu, na pete ya kukazia, inayotumika tena na tena hadi ishike kutu. Pete zilizochakaa hulundikana jikoni, na bei yake katika maduka ya mitumba ni ndogo mno.

Chukua pete kama 18. Zipitishe kwenye kamba moja, zote zikielekea upande mmoja, kisha funga fundo kwa nguvu hadi zikutane duara. Zitandaze kwa vidole ili ziachane sawasawa, na umbo la boga litajitokeza lenyewe. Katikati chomeka vijiti viwili vitatu vya mdalasini viwe kikonyo. Pete zenye kutu usizipake rangi, maana kutu ni rangi ya msimu huu.

Kamba inayofaa zaidi ni ya katani, na hapo pana historia inayotuhusu. Mwaka 1893, Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida hadi eneo la Tanga. Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani, na kwa miongo mingi kamba za zao hilo zilitumika kufungia marobota ya majani makavu katika mashamba ya Marekani. Kipande cha kamba kinachookotwa ghalani Ohio huenda kina undugu na mashamba ya Korogwe na Muheza.

Mkono wa sweta na kipande cha kanga

Sweta lililotoboka kiwiko halijaisha kazi. Kata kipande cha mkono wake, piga bandi kuzunguka ukingo mmoja, vuta uzi hadi pafumbe, kisha geuza ndani nje. Jaza vikorokoro vya vitambaa vilivyokatwakatwa, vile ambavyo ni vidogo mno kushonea chochote. Piga bandi ukingo wa juu, vuta, funga. Sasa chukua uzi wa sufi uliobaki katika ufumaji, uupitishe kutoka chini hadi juu mara sita au nane, ukikaza kila safari, ili boga lipate mifuo yake. Kijiti kutoka bustanini kitakuwa kikonyo.

Kwa ngozi ya boga, kanga na kitenge hufaa vilevile. Mama aliyehama na kanga zake anajua kwamba iliyochanika haitupwi hivihivi. Pindo lake likiwa na nyekundu au njano, linatosha kutengeneza maboga madogo ya kupanga dirishani, na sebule ya Minneapolis itakuwa na msimu wa huko na kitambaa cha nyumbani kwa pamoja.

Nani atasema vipande haviwezi kuwa sanaa? Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wanawake Wamarekani Weusi walishona mablanketi ya viraka kwa suruali za shambani na mashati yaliyochakaa, kwa sababu walihitaji joto na hawakuwa na kitambaa kingine. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Wale wanawake walikuwa na macho ya kupanga rangi, na macho hayo hayauzwi dukani.

Majani na machungwa

Majani halisi hukunjamana yakikauka, lakini yana dawa. Yabane ndani ya magazeti chini ya kitabu kizito kwa siku kadhaa. Kisha yeyusha nta ya nyuki katika kopo lililosimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto, maana hushika moto. Chovya jani kwa kulishika kikonyo, likung'ute, liache lipoe. Nta hulinda rangi kwa wiki kadhaa. Masalio ya mishumaa ya nta hufaa pia.

Machungwa yaliyokatwa vipande vya unene wa nusu sentimita na kukaushwa ndani ya oveni kwa nyuzi 95 za Selsiasi, saa tatu au nne huku yakigeuzwa, huwa kama vioo vya rangi yakitundikwa dirishani. Chungwa zima lililochomwa karafuu mstari kwa mstari hutoa harufu nyumba nzima, na anayetoka Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Vyote hivi vikae mbali na mishumaa inayowaka na vifaa vya kupashia joto.

Wasio na kapu

Asiye na masalio yake anaweza kupata ya wengine. San Francisco ina kituo kiitwacho SCRAP, kilichoanzishwa mwaka 1976, kinachopokea vitambaa, karatasi, shanga na nyuzi zisizohitajika na kuvitoa kwa bei ya chini. New York ina Materials for the Arts, iliyozaliwa mwaka 1978 baada ya mfanyakazi wa idara ya utamaduni ya jiji kuomba redioni friji ya kuhifadhia dawa za wanyama. Vituo vya aina hii vipo katika miji mingine mingi. Umuhimu wake umeongezeka tangu mwaka 2025, Joann, kampuni ya vitambaa iliyoanzia Ohio mwaka 1943, ilipofunga maduka yake yote.

Kitu kimoja usikitoe kapuni: vumbi la kumetameta la plastiki. Halizoleki wala haliozi, na Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku uuzaji wake Oktoba 2023.

Funga, usigandishe

Kanuni ninayoitetea kuliko zote ni hii: tumia sindano na kamba kabla ya gundi. Gundi ya moto ni ya haraka, lakini hugeuza vitu vitano vyema kuwa taka moja isiyotenganishika. Pambo lililofungwa kwa fundo hufunguka. Baada ya Siku ya Shukrani, pete zitarudi jikoni, vitambaa vitarudi kapuni, na machungwa yataingia kwenye mbolea.

Mtoto akabidhiwe kazi ya kupitisha uzi tangu mwanzo hadi mwisho, hata fundo likipinda. Atajifunza kushona, atajifunza kukitazama kitu kilichochakaa na kuuliza kinaweza kuwa nini, na elimu hiyo itamfaa katika kila msimu wa maisha yake.